Mwanafunzi wa sanaa na mashine za mbao: mwongozo kamili wa kujifunza bila kupoteza kidole

Siku yangu ya nne karakana nilichukua kipande cha mninga nilichokuwa nimeshakichonga kwa shoka na patasi, umbo la kichwa cha mtu, duara chini duara juu, nikataka kupunguza upande wa shingo kwa bandsoo (ule msumeno wa bledi ndefu kama utepe inayozungushwa na magurudumu) ili mkono usichoke. Nikakiweka kwenye meza ya mashine nikasukuma. Bledi ilivyogusa tu kile kipande kikajizungusha kama mpira, kikanivuta mkono wa kushoto kwenda mbele, bledi ikajikunja halafu ikakatika kwa mlio ambao mpaka majirani wakaja kuchungulia. Sikuumia, lakini vidole vilikuwa vimesimama upana wa kiberiti tu kutoka pale bledi ilipokuwa inapita. Fundi mkuu akazima, akasubiri mpaka magurudumu yasimame kabisa, akaokota kile kichwa, akakigeuzageuza mkononi halafu akaniuliza swali moja tu: "Hii inakaa wapi?"

Hilo swali ndio msingi wa kila kitu ntakachokwambia hapa mdogo wangu. Seremala wa fanicha siku nzima anapitisha mbao zilizonyooka, zina ubapa chini na ubavu ulionyooka, na mashine nyingi za mbao zimetengenezwa kwa mbao za namna hiyo. Sisi wa sanaa tunakuja na magogo, mizizi, vipande vifupi, mabaki ya mtumbwi, vitu vilivyopinda, alafu tunataka mashine hiyohiyo itufanyie kazi. Ndio maana mwanafunzi wa sanaa anaweza kufuata kila anachomuona seremala anafanya na bado akaumia. Kabla ya kubonyeza swichi yoyote jiulize kipande chako kinakaa wapi, kinaegemea nini, na bledi ikikisukuma kitaenda upande gani. Ukikosa jibu, usiwashe.

Wiki ya kwanza usiguse mashine

Najua umekuja na hamu. Lakini wiki ya kwanza fagia maranda, beba mbao, saidia kupokea mbao upande wa pili pale fundi anapokwambia upokee (na kupokea ni kushikilia tu uzito, sio kuvuta, ukivuta unamharibia anayesukuma na unaweza kumvutia mkono kwenye bledi). Wakati unafagia, jifunze vitu vitatu. Cha kwanza, swichi ya kila mashine iko wapi na inazimwaje, uweze kuifikia ukiwa umefumba macho. Cha pili sauti: mashine yenye bledi kali inalia sauti moja iliyotulia, bledi ikiwa butu au mbao inapoibana sauti inashuka na kuwa nzito, inaguna, na fundi mzoefu anaachia kusukuma kabla hata hajajua kwanini ameachia. Cha tatu angalia miguu ya mafundi. Mafundi wazuri hawasimami kwenye mstari wa bledi ya msumeno wa meza, wanasimama pembeni kidogo, utaelewa sababu tukifika huko.

Angalia pia vidole vyao. Ukikuta karakana ambayo mafundi wawili watatu wamepungukiwa vidole, waulize kwa heshima ilikuwaje, wengi watakwambia bila kuficha, na ukisikiliza vizuri utakuta stori zinafanana: mtu alikuwa na haraka, au alikuwa anamalizia kipande cha mwisho, au alinyoosha mkono kutoa kibao kilichobaki karibu na bledi inayozunguka.

Mavazi, na hapa naongea na wote

Kitu chochote kinachoning'inia ni adui yako. Mikono mirefu kunja mpaka juu ya kiwiko au vaa fulana. Ushungi unavaliwa vizuri kabisa karakana ila ule wa kuvuta kichwani wenye kubana, ncha zake ziingie ndani ya nguo, mtandio wa kutupia begani hapana. Rasta na nywele ndefu zifungwe nyuma alafu zifunikwe na kofia. Pete, bangili, saa, cheni, kamba ya kitambulisho cha chuo, vyote vinabaki kwenye begi. Dera na kanga acha nyumbani. Viatu vya kufunika, kandambili hapana, kipande cha mpingo kikikuangukia kwenye kidole cha mguu utakumbuka hilo neno.

Glavu ndio zinawachanganya wengi, mtu anaona glavu ni kinga. Kubeba mbao zenye vibanzi, vaa glavu. Kwenye mashine yoyote inayozunguka vua, kwasababu bledi ikigusa ngozi inakata, ila ikikamata glavu inavuta mkono mzima kuingia ndani.

Macho vaa miwani ya kinga siku zote, ya jua sio kinga. Masikio, kipimo rahisi ni hiki: kama mtu yuko mita moja na inabidi upaze sauti ndio akusikie, kelele imeshazidi, weka kinga ya masikio. Uziwi wa karakana hauumi wala hautoi dalili siku hiyo, unakuja polepole mpaka siku unagundua husikii maneno ya mtu anayeongea nyuma yako.

Vumbi nataka nikae nalo kidogo maana vijana wanalidharau sana. IARC, lile shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, waliliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995, hasa saratani ya ndani ya pua. Na mbao zetu nyingi nzuri zina ukali wake: vumbi la mvule linawasha ngozi na linaweza kuleta kifua kinachobana kama pumu, la mpingo pia linawasumbua watu ngozi na macho. Kitambaa cha kufunga puani kinazuia maranda tu, lile vumbi laini kama unga linapita, tafuta barakoa ya N95 au FFP2 na uivae hasa wakati wa kupiga msasa, wakati huo ndio vumbi baya linatoka kuliko wakati wa kukata. Fungua milango, fanyia kazi nje kama inawezekana.

Umeme

Hili kwetu ni la muhimu kuliko linavyoandikwa kwenye vitabu vya nje. Umeme ukikatika katikati ya kazi, zima swichi ya mashine papo hapo, kabla hujafanya kitu kingine chochote, kabla hujatoa simu kuwasha tochi. Mashine nyingi za mtaani zina swichi ya kawaida tu, umeme ukirudi zinaanza kuzunguka zenyewe, na wakati huo wewe umeshaweka mkono pale kutoa kipande. Zipo swichi ambazo umeme ukikatika zinajifyatua na hazirudi mpaka ubonyeze tena, kama chuo chenu kinanunua mashine au mnatengenezesha, ombeni hizo.

Kubadilisha bledi, kusafisha, kurekebisha chochote karibu na meno, chomoa plagi ukutani na uiweke mahali unapoiona. Kuzima swichi peke yake haitoshi. Waya wa eksteni ukiwa umeviringishwa kwenye roli unapata moto ukivuta mashine kubwa, uvute wote nje, na usipite pale watu wanapotembea.

Alafu kuna mashine za kombaini, zile za msumeno, randa na kekee kwenye mwili mmoja. Chunguza vizuri ya kwenu inafanyaje, kuna ambazo ukiwasha unazungusha vyote kwa pamoja, yaani wewe unakata kwa msumeno na nyuma yako visu vya randa vinazunguka wazi. Funika upande usioutumia, na usiweke chochote juu yake.

Kagua mbao kabla

Mbao za mabaki tunazipenda kwa rangi na historia yake, pallet za bandarini, milango ya zamani, mbavu za jahazi. Zimejaa misumari. Chukua sumaku yenye nguvu, ipitishe polepole pande zote, pale inaponasa chimba kwa patasi utoe. Ila misumari ya shaba haivutwi na sumaku, kwahiyo kwenye mbao za vyombo vya baharini tafuta pia kwa macho, madoa ya kijani ndio alama yake. Angalia nyufa, vifundo vinavyocheza, na unyevu. Mbao mbichi inabana bledi.

Sasa mashine, kwa mpangilio huu

Mi napendekeza uanze na zile zenye makosa madogo kwenda kubwa, usianze na msumeno wa meza hata kama ndio uko mlangoni.

Drili ya kusimama. Inaonekana ya upole ila inakamata. Kipande kifungwe kwa klampu au jiriwa, usikishike kwa mkono, maana drili ikitokeza upande wa pili huwa inanasa na kipande kinaanza kuzunguka kama panga la feni. Kipande cha duara kichongee kitako chenye mfereji wa umbo la V, kikae humo, alafu funga. Drili nene spidi ndogo, nyembamba spidi kubwa. Ufunguo wa kufungia drili utoe kabla ya kuwasha, kila mara, uwe haubanduki mkononi mwako mpaka umeuweka mahali pake.

Sanda ya diski, yaani mashine ya kupigia msasa. Tumia nusu moja tu ya diski, ile inayozunguka kushuka kuelekea kwenye meza, upande wa pili unarusha kipande juu. Vipande vidogo kama shanga na hereni usivipeleke kwa ncha za vidole, vibane na koleo la mbao au vibandike kwenye kijiti.

Bandsoo ndio mashine ya msanii, ukiijua hii nusu ya kazi zako imerahisika. Bledi inavuta kushuka chini, kwahiyo inakandamiza mbao kwenye meza, ndio maana haikurushii kipande usoni kama msumeno wa duara, ila kama chini hakuna ubapa inakigeuza, kama ilivyonipata mimi. Gogo la duara lipigie msumari au skrubu kwenye kibao bapa, skrubu ziwe mbali na njia ya bledi, ukate vyote kwa pamoja. Kichwa changu kile tulikitengenezea kibao chenye kabari mbili pembeni na kikakatwa bila shida siku ileile. Shusha kile kinga cha juu mpaka kibaki kama milimita 5 hivi juu ya mbao, bledi iliyo wazi ipungue. Kona inategemea upana wa bledi: bledi ya milimita 6 inaweza kupinda mduara wenye nusu kipenyo cha milimita 16 hivi, ya milimita 12 inataka kama 63. Ukilazimisha kona kali na bledi pana inajipinda na kukatika. Kona kali zikatie kwanza njia fupifupi za pembeni mpaka karibu na mstari, vipande vianguke vyenyewe kadri unavyozunguka. Na ukikwama katikati usirudishe mbao nyuma mashine ikiwaka, unaweza kuvuta bledi ikatoka kwenye magurudumu, zima kwanza. Mikono iwe pembeni ya mstari wa bledi, sio mbele yake, sentimita 10 ndio mpaka wako, chini ya hapo chukua kijiti cha kusukumia.

Mashine ya kukereza. Hapa mbao yenyewe ndio inazunguka, kwahiyo swali la "inakaa wapi" linageuka, linakuwa imeshikwa na nini. Kaza pande zote mbili, izungushe kwa mkono mzunguko mzima uone haigusi popote, simama pembeni ya njia yake, alafu washa kwa spidi ya chini kabisa. Mbao ikiwa haijawa duara itatikisika, iache kwenye spidi ndogo mpaka uisawazishe. Kuna hesabu ya wakerezaji: kipenyo kwa inchi ukizidisha na mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 6 basi ni mizunguko 1,000 mpaka 1,500, na mwanzoni kaa chini ya hapo. Patasi iguse kwanza kiegemeo, kile chuma cha kuilazia mbele ya mbao, ndio iguse mbao, ukianza na mbao patasi inakandamizwa ghafla na kukurukia. Kiegemeo kikae milimita 3 hivi kutoka kwenye mbao na kisogezwe mashine ikiwa imezimwa. Ukifika kwenye msasa, ondoa kiegemeo kabisa, shika msasa upande wa chini wa mbao, usizungushie kitambaa wala msasa kwenye vidole.

Utapenda siku maranda yanapoanza kutoka marefu kama utepe na kukudondokea kwenye mkono yakiwa na uvuguvugu, hapo patasi ni kali na pembe umeipata. Yakianza kutoka vumbi, simama ukanoe. Chuma butu kinakulazimisha kusukuma kwa nguvu, na mkono unaosukuma kwa nguvu ukiteleza hauna breki.

Randa ya mashine. Mbao fupi ya chini ya sentimita 30 usiipitishe, visu vinaweza kuipiga ikaruka na mkono ukabaki juu ya visu. Mkono usipite juu ya visu, tumia kibao cha kusukumia, toa kidogokidogo, milimita moja inatosha. Vipande vifupi tumia randa ya mkono, ndio maana ipo.

Msumeno wa meza mwisho. Chukua bledi ya inchi 12 ikizunguka mara 2,850 kwa dakika, ambayo ni kasi ya kawaida ya mota nyingi kwenye umeme wetu wa hetzi 50, meno yake yanapita mbele yako kwa kilomita kama 160 kwa saa, mara mbili ya spidi wanayoruhusiwa mabasi ya mikoani. Meno ya nyuma ya bledi yanapanda juu, kwahiyo mbao ikibana au ikapinda kidogo ikagusa meno ya nyuma, yanainyanyua na kuirusha kuja kwako kwa spidi ileile. Ndio sababu fundi hasimami kwenye mstari wa bledi. Kinachozuia hili ni kile kisu kinachosimama nyuma ya bledi kuzuia mkato usijifunge, mashine nyingi za mtaani kimetolewa au hakikuwepo tangu zinaundwa, na kwa mwanafunzi msimamo wangu hauna mjadala: kama hakipo, na kifuniko hakipo, usiitumie, mpe fundi akukatie umlipe. Kama vipo, inua bledi ipite mbao kidogo tu, ubavu ulionyooka uegemee reli (ule ukingo ulionyooka juu ya meza), usikate kamwe kwa mkono mtupu bila reli wala kiongozi (kile kinachoteleza mezani kusukumia mbao inayokatwa kwa upana), na usitumie reli na kiongozi cha kukatia mapana kwa pamoja maana kile kipande kinachokatika kinabanwa katikati na kurushwa. Kijiti cha kusukumia kiwe mezani kabla hujawasha. Kipande kikibaki karibu na bledi, zima, subiri isimame, ndio utoe. Mbao iliyopinda au duara haina kazi yoyote hapo.

Grinda na bledi ya mbao

Nimeiweka peke yake kwasababu wachongaji wengi ndio wanayoimudu kununua. Grinda ndogo ya milimita 115 inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Watu wanaifunga bledi ya meno ya msumeno wa duara, wanatoa na kifuniko kwasababu bledi ni kubwa. Hii inarukia shingo, mapaja na uso, na haina breki. Kama lazima uchonge kwa grinda, tumia diski iliyotengenezwa kuchongea mbao kwa grinda, iliyoandikwa spidi isiyopungua ya grinda yako, kifuniko kiwepo, mshikio wa pembeni uwepo, mikono miwili, na kazi imefungwa kwenye jiriwa. Kupandisha mguu juu ya gogo na kulichonga hapohapo, acha. Diski za msasa ni salama zaidi na kwa sura na mikunjo zinatosha kabisa.

Mpingo usiuanze na mashine. Ni mzito kiasi kwamba unazama majini, unawahi kufanya bledi iwe butu, na vipande vyake vya thamani vinakuja vimepindapinda. Wamakonde wanauchonga kwa shoka na patasi miaka yote na kazi zao zinajulikana dunia nzima.

Ikitokea

Usifanye kazi peke yako karakana, na wote mjue sanduku la huduma ya kwanza liko wapi. Mtu akikatwa, zima mashine, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu bila kuachia, inua mkono juu, pigeni namba ya dharura 112 au tafuteni gari. Kidole kikikatika kitafuteni, kisafishwe kidogo kwa maji safi bila kukisugua, kifungeni kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiingie kwenye mfuko uliofungwa usiopitisha maji, mfuko huo ndio uwekwe kwenye barafu yenye maji. Kidole chenyewe kisiguse barafu, nyama inaungua. Kiende hospitali pamoja na mgonjwa. Kitu kikichoma jicho usikitoe, funika bila kukandamiza, nenda.

Na usiwashe mashine ukiwa na usingizi, ukiwa na njaa, au usiku wa kuamkia maonyesho.

Ukimaliza siku, chomoa plagi zote, fagia mpaka chini ya mota maana maranda na joto ni moto. Vitambaa ulivyopakia mafuta ya linsidi usivikunje ukatupa kwenye kona, hayo mafuta yanapokauka yanatoa joto, vikiwa rundo joto halina pa kutokea na vinaweza kuwaka vyenyewe usiku. Mi huwa navianika kwenye waya wa nje, kimoja kimoja vikiwa vimekunjuliwa, ndio nafunga mlango.